ANTENA INAYONUSA UNYEVU NA GESI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini kuna hatari ambazo hazitangulizi mawingu. Mahindi mabichi ndani ya gunia hayapigi kelele, na gesi ya kaboni monoksaidi itokayo kwenye jiko la makaa haina rangi wala harufu. Mwaka wa 2004, sumu ya aflatoksini, inayoletwa na kuvu kwenye mahindi yenye unyevu, iliwapata watu 317 hapa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Watu 125 kati yao walifariki. Kwa hivyo leo tujifunze kuhusu chombo kinachoweza kutuonya mapema: antena yenye kihisi.

Antena ni nini?

Antena ni chombo cha chuma kinachotoa na kupokea mawimbi ya redio. Ile ya juu ya paa mnaijua. Antena ya mikrowevu ni ndogo kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Hebu tupige hesabu. Mawimbi haya husafiri mita 300,000,000 kwa sekunde. Yakitetemeka mara 2,400,000,000 kwa sekunde, yaani gigahezi 2.4, urefu wa wimbi moja ni:

300,000,000 ÷ 2,400,000,000 = mita 0.125, au sentimita 12.5.

Antena nyingi huhitaji karibu nusu ya urefu huo. Basi kipande cha shaba cha kuenea kiganjani kinatosha.

Inanusa vipi?

Fikirieni ngoma. Ngozi yake ikipata unyevu hulegea na sauti hushuka, ndiyo maana wapigaji huipasha moto kwanza. Antena nayo ina "sauti" yake, yaani masafa ambayo inayaitikia vizuri kuliko mengine. Masafa hayo hutegemea ukubwa wake na pia kile kinachoizunguka.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu wanakumbuka kapasita: ukitia plastiki kati ya bamba zake, hubeba chaji nyingi kuliko ikiwa na hewa tu. Kwa kipimo hicho hewa ni karibu 1, lakini maji ni karibu 80! Kwa hivyo antena hupakwa utando wa kitu kinachofyonza unyevu, kwa mfano polima fulani. Utando ukinywa maji, masafa hushuka, na mashine iliyo mbali husoma tofauti hiyo. Kwa upande wa gesi, watafiti wametumia neli ndogo mno za kaboni ambazo upitishaji wake wa umeme hubadilika zikikutana na gesi kama amonia.

Faida yake ni kwamba chombo kimoja kinahisi na kupeleka habari. Nyingine hata hazihitaji betri: hurudisha tu mawimbi zinazotumiwa, kama kioo kirudishavyo mwanga.

Kasoro zake

Hakuna kizuri kisicho na ila. Joto pia huyasogeza masafa, na unyevu unaweza kudhaniwa ni gesi. Dawa yake ni kuweka antena mbili, moja yenye utando na nyingine bila, kisha kulinganisha. Isitoshe, antena ya unyevu hupima maji, haipimi sumu. Mahindi yaliyokwisha kuota kuvu hata yakianikwa yakauke, aflatoksini inabaki.

Tufanye nini nyumbani?

Mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama huna mashine, chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, kisha iache kama dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Mnaona? Chumvi na antena hufanya kazi moja: maji yasiyoonekana hujulikana kwa kile yanachokibadilisha. Ama jiko la makaa, jamani, msilale nalo chumbani mkiwa mmefunga madirisha. Pua zetu hazina utando wa kuinusa gesi ile.

Maswali ya kujipima

1. Tafuta urefu wa wimbi lenye masafa ya gigahezi 3.
2. Kwa nini maji hutambuliwa na antena kwa urahisi?
3. Antena mbili zina faida gani kuliko moja?

Tahadhari kabla ya hatari. Kwaherini hadi toleo lijalo.