Upana wa Neno "Teksi" na Msafiri Mgeni Jijini London

Makala hii inachunguza tatizo la kisemantiki ambalo, tofauti na mengi yanayojadiliwa madarasani, laweza kumgharimu mtu fedha na hata usalama wake. Katika Kiswahili cha Kenya, neno teksi hurejelea gari lolote dogo linalombeba abiria kwa malipo, liwe limesimamishwa njiani, limekutwa kituoni au limeitwa kwa simu. Mzungumzaji aliyelizoea neno hili kwa upana huo akifika London hukuta kwamba sheria ya huko imeugawa uwanda huo wa maana mara mbili.

Sehemu ya kwanza ni teksi yenyewe, maarufu kwa rangi nyeusi ingawa si zote zilizo nyeusi. Hii pekee ndiyo inayoruhusiwa kusimamishwa barabarani kwa kupungiwa mkono. Taa ya rangi ya chungwa iliyo juu ya paa ikiwaka, gari halina abiria. Dereva wake amefaulu mtihani uitwao Knowledge, ulioanzishwa mwaka wa 1865. Anayetaka leseni ya jiji zima hulazimika kuhifadhi kichwani njia 320 na maelfu ya mitaa iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, kazi ambayo aghalabu huchukua miaka mitatu au minne. Mwanafunzi anayelalamikia ngeli za nomino angefaa kulitafakari hilo.

Sehemu ya pili ni gari la kukodi ambalo wenyeji huliita minicab. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 1998, gari hili sharti liagizwe mapema kupitia kampuni yenye leseni. Magari ya Uber yamo katika kundi hili. Sheria iyo hiyo inazuia huduma hii kutangazwa kwa neno taxi lenyewe. Ni nadra maana ya neno kulindwa namna hiyo, na wanaleksikografia wana haki ya kuona wivu.

Hatari huzuka usiku, nje ya kituo cha treni au ukumbi wa starehe, pale mtu anapomkaribia mgeni na kumuuliza kama anahitaji teksi. Masikioni mwa Mkenya, swali hilo ni la kawaida kabisa. Hata hivyo, safari isiyoagizwa haina kumbukumbu ya nani amembeba nani, na huenda bima isiitambue. Watanzania wana istilahi mwafaka, teksi bubu, yaani isiyo na leseni. Ila London hata gari lenye leseni huweza kuwa bubu: abiria asiyeagiza anapoingia tu, safari yenyewe inakuwa haramu.

Tofauti ya pili ni ya kipragmatiki. Nairobi, abiria wa teksi ya kituoni hupatana bei na dereva kabla ya kuingia. Katika teksi ya London, nauli huamuliwa na mita kwa kuzingatia umbali na muda, na viwango hupanda usiku na mwishoni mwa juma. Kuuliza "ni ngapi?" huko ni kuomba makadirio, si kufungua mjadala. Malipo kwa kadi yamekuwa lazima kupokelewa katika teksi zote tangu mwaka wa 2016. Kwa gari la kuagizwa, kinyume chake, bei huulizwa wakati wa kuagiza.

Jambo moja zaidi linahusu adabu. Abiria aliyelelewa katika Kiswahili huanza kwa salamu na kujitambulisha, hivyo ni rahisi kwake kuinama dirishani na kusema, "Habari, mimi ndiye fulani." Katika gari la kuagizwa, utaratibu salama unageuza zamu za mazungumzo: abiria husalimu, kisha huuliza, "Umekuja kumchukua nani?" Dereva asipolitaja jina, mlango haufunguliwi.