Usijipige Kibao kwa Kibao Chako

Wadogo zangu, barua ya leo imetoka jirani kabisa, hata lifti ikiharibika naweza kuijibu kwa miguu. Nimeifupisha kidogo:

"Shikamoo Dada. Nakaa hapa hapa St. James Town, Toronto, ghorofa ya 14, na wanangu wawili. Usiku wakishalala natengeneza vibao vya mbao vya kutundika mlangoni: 'Karibu', majina ya watoto, maneno ya kanga. Nauza dola 25. Oda haziishi, lakini hela siioni. Nikijaribu kutaja 40, wenzetu wananiambia, 'We dada, si dukani Dollarama vipo vya dola 5!' Nafikiria kuacha. Nishauri. Mama Vibao."

Marahaba, Mama Vibao. Usiache. Ila nikwambie jambo ambalo pengine hujaliona: kila kibao chako kina wanunuzi wawili. Wa kwanza ni mteja wako, katoa 25. Wa pili ni nani? Lete kalamu tumtafute.

Tuanze na ubao wa paini wa futi 8, ule unaoitwa wa inchi 1 kwa 8. Ukiupima kwa rula utakuta una robo tatu ya inchi kwa inchi 7 na robo. Hujaibiwa, hilo jina ni la kabla haujakaushwa na kupigwa randa, na ndivyo mbao zinavyouzwa hapa Kanada. Tuseme umeununua dola 24 pamoja na kodi. Unatoa vipande vinne vya futi 2, lakini kuna kimoja hakikosi kuwa na fundo katikati au kimepinda kama mgongo wa kobe. Kwa hiyo hesabu vitatu, dola 8 kila kimoja. Rangi, msasa na vanishi, weka 4. Kamba, skrubu na mfuko wa kufungia, 3. Tumefika 15, na bado mkono hujanyanyua.

Sasa mikono. Ukianza kibao kijacho, washa saa ya simu. Kusubiri rangi ikauke usihesabu, hapo unaosha vyombo. Hesabu kupiga msasa, kuchora herufi, kupaka, kupaka tena, kufuta ile rangi iliyovujia ukingoni mwa "K", kupitisha vanishi mara mbili. Tuseme zimetoka saa 2. Kima cha chini cha mshahara Ontario tangu Oktoba 2025 ni dola 17.60 kwa saa. Mtu mzima anayepanga makopo supamaketi hapungukiwi hapo, na wewe fundi usijishushe chini yake. Mara 2 ni 35.20. Jumla 50.20. Ongeza 5 kwa brashi zinazochakaa, ada ya meza sokoni na nauli. (Ukigonga kadi ya Presto una saa 2 za kupanda na kushuka kwa nauli moja ya mabasi na treni za TTC, ukiwa mwepesi unakwenda kuchukua mbao na kurudi kwa hiyo hiyo.) Tuko 55.20.

Toa 25 za mteja. Zimebaki 30.20. Nani kalipa? Wewe, mdogo wangu. Umemuuzia mtu kibao, ukajipiga kibao. Na ukipata oda kumi wiki moja ukashangilia, umejipiga kumi, zaidi ya dola 300.

Hapo hata faida hatujaitaja. Faida haiko ndani ya ujira; ndiyo itakayonunua ubao wa mwezi ujao msimu ukiwa mbaya. Weka dola 10 hivi juu, na bei ya kibao hicho ni 65.

Nakusikia ukiguna. "Nani atanunua 65?" Nianze na huyo wa Dollarama. Kile cha dola 5 kimetoka kiwandani na mamia wenzake, hakina jina la mtoto wake, na Kiswahili chake, kama kipo, Mungu ndiye ajuaye. Usigombane naye, biashara haigombi. Mwambie kwa upole, "Vile ni vizuri pia," kisha mwoneshe chako kwa karibu. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuuza picha zake Oysterbay, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, alichorea vipande vya ubao wa kujengea wa masonite kwa rangi za kupakia baiskeli. Vifaa vya mtu wa kawaida kabisa. Leo wakusanyaji wa sanaa wanazisaka kazi zile, na hakuna anayeuliza ubao uligharimu shilingi ngapi. Wanalipia mkono.

Pili, namna unavyoitaja. Nimewahi kukaa nyuma ya meza nikisikia wenzangu wakisema, "Ni 65, ila tunaweza kuongea." Mdogo wangu, hapo hujataja bei, umeomba radhi. Taja, kisha nyamaza. Ule ukimya unauma, najua, mimi mwanzoni nilikuwa naupunguza kwa kushusha dola 10 kabla mteja hajafungua mdomo. Kumbe mwenzangu alikuwa anatafuta pochi.

Na ujue unaongea na nani. Mnunuzi wa Cabbagetown, hapo ukivuka Parliament Street, kwa kawaida habishani. Anasoma bei kwenye karatasi, ananunua au anapita. Usipobandika bei, atapita bila kuuliza, kwa sababu kuuliza kwake ni aibu. Mtu wetu kwake kuuliza bei na kuomba ipunguzwe ni sehemu ya salamu. Asipokuomba utadhani amekasirika. Huyu usimkatalie, ila kanuni iwe hii: punguza kibao, usipunguze bei. Tengeneza kidogo cha futi 1, neno moja, rangi moja. Vifaa dola 8, saa 1 ni 17.60, gharama za pembeni 3, jumla 28.60. Uza 35. Mwenye 35 anaondoka na kibao cha 35, na hakuna aliyeumia.

Ndugu na shoga zako wa damu je? Wape, lakini kwa maandishi. Kwenye risiti andika 65, chini yake andika "zawadi ya dada, toa 15", kisha 50. Usipoandika hivyo, kesho atamwambia jirani kwamba bei yako ni 50, na jirani naye atakuja na wake watatu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na zawadi isiyoandikwa hugeuka bei.

Tatu, arbuni. Hili nililipia ada mwenyewe. Kuna mwaka niliagizwa vibao 12 vya meza za arusi, kila kimoja na majina ya maharusi yaliyosukwa pamoja kwa herufi za kujikunja. Mwagizaji nilimwamini, tulikuwa tunasalimiana kila siku kwenye lifti. Sikuchukua hata senti. Wiki mbili kabla ya shughuli wakabadili ukumbi, wakabadili na rangi za sherehe, vibao vyangu havikuingia tena. Majina ya maharusi, wadogo zangu, hayauziki kwa mwingine. Viko chini ya kitanda changu mpaka leo. Kimoja kinazuia dirisha lisijifunge. Tangu siku ile oda yoyote yenye jina la mtu nachukua nusu kabla sijagusa msumeno, na namtumia mteja maneno yote kwa ujumbe wa simu ayasome herufi kwa herufi, anijibu "sawa". Akija kusema mtoto anaitwa Aisha, si Asha, jibu lake liko mkononi.

Nne, soko lako. Mtaa wetu una maghorofa 19 yaliyosongamana, wateja wa kwanza wako humo humo kwenye korido. Lakini milango yetu ya ghorofa ni ya kuzuia moto, haitobolewi. Kwa hiyo kibao cha jirani kiwe chepesi, kiuzwe pamoja na kulabu ya kubandika. Cabbagetown ni kinyume chake. Mtaa huo ulipata jina kutokana na wahamiaji wa Ireland walioishi kwa dhiki wakipanda kabichi mbele ya nyumba zao. Leo nyumba za mtaa huo zinauzwa kwa pesa ndefu, na kila moja ina mlango wake unaotazama barabara. Kibao cha kule kinapigwa na theluji na jua. Tumia mbao za mwerezi na vanishi ya nje, na bei ipande, kwa sababu mwerezi si paini. Septemba kunakuwa na maonyesho ya sanaa na kazi za mikono Riverdale Park West. Maombi ya meza hufungwa miezi kabla, usikumbuke mwezi Agosti.

Akitokea mwenye duka akakwambia, "Niletee, nitakulipa vikiuzika," hiyo ni mali kauli kama kwetu tu. Si vibaya, lakini piga hesabu kwanza. Wengi watachukua asilimia 40 ya bei, na anayenunua kabisa hutaka kulipa nusu. Nusu ya 65 ni 32.50, na wewe kimekugharimu 55.20. Yule mnunuzi wa pili karudi! Kwa duka, buni kibao kimoja unachoweza kukitoa ishirini kwa mpigo, kwa kiolezo, na muda wake uwe dakika, usiwe saa.

La mwisho si la pesa. Tunaoishi hapa hatujasahau Agosti 2018, moto wa jengo la 650 Parliament ulipotoa watu zaidi ya 1,500 majumbani mwao, wengi kwa zaidi ya mwaka. Ndani ya nyumba tumia vanishi ya maji. Ukitumia mafuta ya kitani, lile tambara usilikunje ukalitupa kwenye ndoo; linajipasha moto lenyewe na linaweza kuwaka. Litandaze likauke, au liloweke majini kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Na msasa upige mchana. Jirani wa chini naye ana usingizi.

Majibu ya haraka

*"Dada, nitoze kodi ya HST ya asilimia 13?"* Kama hujajisajili, hapana, kumtoza mteja kodi ambayo hujasajiliwa ni kosa. Mauzo yako yakivuka dola 30,000 ndani ya robo mwaka nne zinazofuatana, kujisajili ni lazima. Lakini kipato chako unakitangaza hata kikiwa kidogo, kwa fomu T2125 pamoja na marejesho yako ya kila mwaka. Risiti za mbao usizifanye za kuwashia jiko.

*"Niuze mtandaoni, Etsy?"* Uza, ila ujue wanakata asilimia 6.5 ya bei pamoja na usafirishaji, na juu yake ada ya malipo. Iingize kwenye hesabu kabla, isikukute mbele.

*"Mteja anataka nembo ya timu ya kikapu ya Raptors."* Mwambie huwezi. Ile nembo ina mwenyewe. Mchoree mpira na jina la mwanawe.

Mama Vibao, nina kazi moja kwako usiku wa leo. Chukua kile kipande chenye fundo katikati, ambacho huwezi kumuuzia mtu. Kichoree herufi zako nzuri kabisa, "65", ukitundike jikoni pale unapopigia simu na wateja. Akikuuliza mtu bei, kisome kama kilivyo. Hicho ndicho kibao kimoja tu ninachokuruhusu ukinunue mwenyewe.

Wenu,
Dada