Cheti cha ubatizo na swali la uongo: Maria Skobtsova wa Paris

Kanuni kwamba uongo ni kosa daima ni rahisi kuikariri darasani. Leo tuipime kwa maisha ya mwanamke aliyekutana nayo mlangoni pake.

1. Alikuwa nani?

Elizaveta Pilenko alizaliwa Riga mwaka 1891 katika familia ya makabaila wa Urusi. Mapinduzi ya 1917 yalimfanya mkimbizi, na mwaka 1923 akafika Paris. Mwaka 1926 alifiwa na binti yake mdogo; tangu hapo alizidi kujitoa kwa wahamiaji wenzake waliokuwa maskini. Mwaka 1932 aliweka nadhiri za utawa katika Kanisa la Kiorthodoksi, akaitwa Maria. Hakujifungia monasterini. Nyumba yake katika mtaa wa Lourmel ilikuwa na kikanisa, jiko na vitanda vya wasio na makao.

2. Alifanya nini?

Juni 1940 Wajerumani waliiteka Paris. Julai 1942 Wayahudi zaidi ya 13,000 walikamatwa kwa siku mbili. Wengi wenye watoto walifungiwa katika uwanja wa mbio za baiskeli, si mbali na Lourmel. Maria aliingia humo kuwafariji. Nyumba yake ikawa maficho. Padre Dimitri Klepinin, aliyehudumu hapo, aliwaandikia Wayahudi vyeti vya ubatizo ingawa hawakubatizwa, ili viwasaidie kuepuka kukamatwa.

Februari 1943 Maria, mwanawe Yuri na Padre Dimitri walikamatwa. Yuri na padre walifia katika kambi ya Dora mwaka 1944. Maria alifia Ravensbrück tarehe 31 Machi 1945.

3. Je, vyeti vile vilikuwa uongo?

Tusilikwepe swali. Cheti kilisema jambo ambalo halikutokea.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake kuhusu uongo, anamsifu Firmo, askofu wa Tagaste. Watumishi wa kaisari walimtaka amtoe mtu aliyemficha. Akajibu kwamba hawezi kusema uongo wala kumsaliti mtu, akavumilia mateso. Katekisimu nayo (na. 2489) inafundisha kwamba hatulazimiki kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Basi kunyamaza mbele ya Gestapo hakuna shida.

Lakini kimya cha Firmo kilitosha kwa sababu mtu wake alikuwa amefichwa. Myahudi aliyesimamishwa barabarani na askari alihitaji karatasi mkononi. Kimya cha padre kisingemfaa kitu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino hatoi ruhusa hata hapo. Kwake kila uongo ni dhambi, ila uongo wa kumwokoa mtu bila kumdhuru mwingine ni dhambi ndogo. Kuhusu wakunga wa Kiebrania waliomdanganya Farao (Kutoka 1), anasema Mungu aliwatuza kwa kumcha Yeye na kwa nia yao njema, si kwa uongo wenyewe.

Kwa maoni yangu, Tomaso anatusaidia kuona mambo mawili kwa pamoja. Kanuni inabaki: tukisema uongo ni halali kila tunapoona faida, hata Farao atajihesabia haki. Lakini kanuni haitupi kibali cha kukaa pembeni na mikono safi. Anayeuliza tu, “Nitabakije bila doa?” amejiweka yeye mwenyewe katikati ya swali. Lourmel swali lilianza kwa anayewindwa. Nao waliojibu hawakununua usalama wao kwa karatasi zile. Walizilipia kwa uhai wao. Hapo ndipo wanapotofautiana na mwongo wa kawaida, anayedanganya ili ajiokoe.

Maswali ya kujadili

1. Je, jibu la Firmo lingetosha mtaani Lourmel? Kwa nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuficha ukweli na kuupotosha?
3. Katika jumuiya yako, ni nani anayehitaji mlango ufunguliwe kabla hatujamaliza mjadala?