MPINI MNENE KWA MKONO DHAIFU

Mkulima, je, nyumbani kwako yuko mtu ambaye vidole vyake havifungi vizuri kwa sababu ya baridi yabisi au kupooza? Usimwambie akae bure. Mpini mwembamba hutaka vidole vifunge sana. Mpini mnene hushikika hata kwa mkono uliofunga nusu tu.

Fanya hivi:

1. Tafuta mpira wa ndani wa baisikeli uliochakaa, uuoshe, kisha ukate ukanda mrefu, upana wa vidole viwili.

2. Zungushia mpini wa kijiko au wa kijembe cha kupalilia, ukivuta, hata unene ufike sentimita 3 au 4.

3. Funga mwisho wake kwa uzi imara. Mwenyewe ajaribu, ongeza au punguza mpaka umfae. Panga asipewe, lisije likamponyoka.

Aliyekufa ganzi mikononi, kama baadhi ya watu waliougua ukoma, hasikii moto wala lengelenge. Ashike sufuria kwa kitambaa kinene kikavu, na kila jioni atazame viganja vyake. Akiona jeraha, apumzishe mkono, aende zahanati.

Anayelishwa leo huenda kesho akanywa uji wake mwenyewe, na kupalilia mboga zake.