Bajeti ya Nyongeza: Ni Nyongeza Kweli?

Siku moja katika somo la Historia na Serikali mwalimu alituuliza maana ya bajeti ya nyongeza. Mimi nikanyoosha mkono mbio: "Ni serikali kuongeza pesa, mwalimu." Akacheka, akaniambia nende nikatafute. Nimetafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Kabla haujaanza, Bunge la Kaunti hupitisha makadirio. Makadirio, jamani, si pesa zilizo sandukuni! Kaunti yakadiria itakusanya kiasi fulani kutoka maegesho ya magari, ada za soko, kodi za ardhi na leseni za biashara, juu ya mgao utokao Nairobi. Mapato yakipungua au jambo likizuka, hesabu haikubali tena. Mfano tunao hapa hapa kisiwani. Bajeti ya 2019/20 ilipoandikwa hakuna aliyelijua jina la Korona. Kufika tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale ukafungwa, haingii mtu hatoki mtu. Mgonjwa angengoja Julai?

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, kifungu cha 135, yairuhusu kaunti kutumia pesa ambazo hazikuwa zimepitishwa, lakini ndani ya miezi 2 ipeleke bajeti ya nyongeza Bungeni. Matumizi hayo yasizidi asilimia 10 ya zile zilizopitishwa mwaka huo, ila Bunge likiridhia zaidi kwa sababu maalumu.

Sasa njooni kwenye uchungu wenyewe. Tuseme mtaro wa Ndia Kuu umepangiwa milioni 10. (Ndia ni njia, kwa wageni wa Kimvita.) Kifungu cha 154 chamkataza ofisa kuzichukua pesa za maendeleo kama hizo kwa kalamu yake na kuzitia kwenye matumizi ya kawaida, mfano safari na chai za ofisini. Bunge lakini laweza, kwa bajeti hii hii tuiitayo ya nyongeza. Mtaro wabaki na milioni 2, au wafutwa kabisa, na jumla ya chini yaweza kuwa ile ile. Asomaye jumla peke yake hagundui lolote. Ni lazima alinganishe mstari kwa mstari, makadirio ya kwanza na makadirio mapya.

Katiba, kifungu cha 196, yalitaka Bunge la Kaunti lishirikishe wananchi katika shughuli zake, wala haikusema ni bajeti ya Juni pekee. Nilipomweleza nyanya yangu barazani, akauliza, "Na hiyo ya nyongeza husomwa lini, mjukuu wangu?" Haina siku yake maalumu, yaweza kuja Desemba, yaweza kuja Mei. Kwa hivyo sisi wa kidato cha tatu twamwomba mlezi wa chama atupeleke Bungeni siku itakaposomwa, daftari mkononi, tukautafute mtaro.