SOMO: MTOTO TUMPELEKE SHULE GANI?

Kila ukaribiapo mwaka mpya swali hili huingia nyumbani mwetu, na mara nyingine huwatenga baba na mama: mtoto aanze shule ya Serikali, au ile ya kulipia ifundishayo kwa Kiingereza? Na tulitazame bila kusutana.

Wazee wetu walilikuta kwa namna nyingine. Minaki, iliyoanzishwa na UMCA mwaka 1925, ilikuwa shule ya misheni. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za namna hiyo chini ya Serikali, mtoto asichaguliwe kwa dini yake. Wako wazee walionung'unika. Lakini Wakristo na Waislamu waliketi dawati moja, wala hilo si jambo dogo. Baada ya sera ya elimu ya 1995 shule za watu binafsi na za makanisa ziliongezeka, na uchaguzi ukawa juu ya mzazi.

Jambo gumu ni lugha. Katika shule nyingi za msingi za Serikali mtoto husoma kwa Kiswahili. Afikapo kidato cha kwanza, hesabu na baiolojia humjia kwa Kiingereza. Wengi hunyamaza darasani, si kwa ujinga, ila kwa kukosa maneno. Ndiyo maana wazazi hutafuta shule ya kulipia, nasi hatuwalaumu. Ila tusidanganyike na mtoto wa miaka sita akaririye Kiingereza mbele ya wageni. Mwulizeni maana yake. Aliyeielewa nusu na robo kwa Kiswahili ana kitu cha kutafsiri. Aliyekariri tu hana.

Kisha fedha. Tangu Januari 2016 shule za Serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo iliondolewa. Sare, madaftari na chakula vimebaki kwa mzazi. Lakini shule ya kulipia ni ada, basi na vitabu, muhula baada ya muhula. Twawaona wanaouza shamba kulipia mwaka wa kwanza; mwaka wa tatu mtoto hurudishwa nyumbani kwa deni, kisha huhamishwa katikati, naye Kiswahili cha kuandika hajakijua vema. Huyo huumia kuliko aliyeanza shule ya Serikali tangu mwanzo. Basi hesabuni mpaka mwaka wa mwisho, tena kwa watoto wote. Iko nyumba ambamo kijana hulipiwa na dada yake halipiwi. Msidhani binti haoni.

Twasema wazi: mwenye mapato yasiyo na hakika asione haya kuchagua shule ya Serikali, mradi asimwachie mwalimu kila kitu. Mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kufuatilia kila daftari. Mzazi aweza, hata asiyesoma sana: atazame tarehe ya mwisho, na kama pana kalamu nyekundu.

Naye anayelipa aitembelee shule siku ya kawaida, si siku ya sherehe. Aulize walimu wangapi wamehama mwaka huu, na usiku nani hulala karibu na wadogo bwenini.

Umoja wa Mama watalizungumza katika mkutano wao ujao. Akina baba nao wamealikwa. Mara iliyopita walikuja wawili tu.