Kujitolea Kaole mwaka wa kwanza

Swali: Nasoma utalii chuoni Dar es Salaam, mwaka wa kwanza, kwetu Bagamoyo. Likizo hii nataka kujitolea kwenye magofu ya Kaole, karibu na kwetu, bila malipo. Wenzangu wanasema mafunzo kwa vitendo yasubiri mwaka wa mwisho. Niende?

Jibu: Nenda, hasa kwa kuwa kwenu ni hapo hapo. Ungekuwa unapanga chumba na kununua kila mlo, ningesita: kazi ya bure humwelemea asiye na pa kulala.

Cheti cha likizo moja hakitakupa ajira. Faida yako ni kuonja kazi wakati bado unaweza kubadili kozi. Simama juani mbele ya yale makaburi ya mawe ya matumbawe, ueleze msikiti wa kale kwa kundi la wanafunzi wa shule waliochoka na safari, kisha urudie maelezo yale yale kwa mzee Mjerumani mwenye maswali mengi. Ukichukia, heri ujue sasa kabla ya kulipa ada ya miaka mingine.

Ila usikubali kufagia na kutumwa chai mwezi mzima. Mwombe msimamizi umfuate mwongoza wageni mzoefu, na mwishoni uongoze kundi lako mwenyewe. Maswali yaliyokushinda yaandike. Ukirudi chuoni, mpelekee mhadhiri wako. Barua ya utambulisho iombe kabla ofisi ya chuo haijafungwa.